Maji Chini ya Dizeli

Kwa miaka mingi nilimhesabu shemeji yangu kuwa mtu asiyeweza kuamua jambo. Hakuwa akiketi sebuleni kwake mwenyewe kabla ya kuuliza kama ni ruksa, na mkewe, ambaye ni dada yangu wa tumbo moja, alikwisha kuchoka kumjibu. Wenzake wa gereji walimwita Ruksa, naye aliitika bila kinyongo. Chuoni nilikuwa nimefundishwa kuwagawa watu katika makundi, na huyu nilimweka katika kundi la wanaofuata. Sasa nimefika umri wa kutafuta miwani kumbe nimeivaa, na sina hakika tena kama kundi hilo lipo.

Kosa langu jingine nililifanya pamoja na nchi nzima. Jeshi letu lilipovuka mpaka na kuingia katika nchi ya jirani, nilibandika ramani ukutani, na kila redio ilipotaja mji uliotekwa nilichomeka pini yenye kichwa chekundu. Pini zilikwenda mbio. Nilidhani kwenda mbio ndiko kushinda. Dada alipita na beseni la nguo kiunoni, akaitazama ramani kwa muda.

"Na huyu wangu yuko pini ipi?"

Sikuwa na pini za malori.

Shemeji alikuwa dereva wa lori la tangi, la kubebea dizeli. Jeshi lilikuwa limelichukua lori pamoja na yeye na utingo wake, mtu mnene mwenye maneno mengi aitwaye Bonge. Yanayofuata niliyapata kwao wawili. Shemeji alinipa kwa vijiko, Bonge kwa ndoo.

Mpango wa kwanza, nijuavyo mimi nisiye mwanajeshi, haukuwa wa kipumbavu. Jeshi lingefika hadi mji wa kando ya mto, lisimame, lijipange. Vituo vya mafuta na chakula viliwekwa kwa kipimo hicho. Lakini mji ule ulitekwa kwa urahisi uliowalevya wakubwa, wakaamuru vifaru vivuke daraja na kuendelea hadi mji mkuu. Vifaru vikaendelea; vituo vikabaki palepale. Kadiri barabara ilivyorefuka, malori yalikula njiani sehemu kubwa zaidi ya mafuta, na kilichowafikia wenye vifaru kikazidi kuwa haba.

Juu ya hayo kulikuwa na sili. Mwanzoni mwa vita dizeli iliibwa sana, ndipo ikaja amri kwamba koki kubwa ya kila tangi ifungwe kwa waya wenye sili, yaani muhuri wa bati, asiikate mtu yeyote isipokuwa afisa mpokeaji huko mbele. Dereva ambaye angeikata angehesabiwa mhujumu, na wakati wa vita adhabu ya mhujumu haihitaji kutajwa. Tangu zamani madereva hawa walikuwa wakitilia injini zao kidogo kutoka katika mzigo wao. Sasa walitakiwa kujaza vituoni, na vituo, kama nilivyosema, vilikuwa nyuma.

Hivyo ndivyo msafara wao ulivyokwama juu ya mwinuko mtupu, ng'ambo ya mto, malori yakiwa yamejaa dizeli hadi shingoni na injini zikiwa kavu.

"Nimeona mengi," Bonge alisema, "lakini mtu kufa njaa amekalia gunia la unga, hili ndilo la kwanza."

"Bonge, nyamaza."

"Nimenyamaza. Tumbo ndilo linalosema."

Asubuhi ile askari wa mbele walianza kutokea barabarani, wakija kwa miguu, nyuso zimefunikwa na vumbi. Kapteni wa ugavi, aliyeongoza msafara, aliwasimamisha. Alikuwa mtu mwembamba, mkavu wa maneno, aliyefuta buti zake hata pasipo na wa kuzitazama.

"Vifaru viko wapi?"

"Tumeviacha, afande. Havina mafuta. Vimelala njiani kama ng'ombe wagonjwa."

"Afisa mpokeaji?"

"Hatujui alipo, afande. Na wenyeji wanashuka kutoka milimani kwenda darajani. Wakiwahi wao, sisi tutabaki huku."

Wote waligeuka kuutazama mto. Dereva mmoja akachomoa koleo mfukoni. "Afande, nikate?"

Kapteni aliweka mkono kwenye bastola. "Kata uone."

Hakuna aliyekata. Mtu anaweza kusema kwamba walipaswa kumkabili, walikuwa wengi naye mmoja. Mimi niliyasema hayo, nikiwa nimekaa kwenye sofa, na shemeji akanitazama kwa upole ulionitosha.

Yeye wakati ule alichukua ndoo, akalala chali chini ya lori. Chini kabisa ya tangi kuna koki ndogo. Maji huingia katika dizeli kwa namna nyingi, nayo hutuama chini, na kila dereva wa tangi huyafungulia asubuhi mpaka yaishe. Koki ile haikutiwa sili kwa sababu kanuni za jeshi lenyewe ziliagiza ifunguliwe kila siku.

Kapteni aliona miguu yake imetokeza. "Wewe! Unafanya nini huko?"

"Natoa maji, afande."

"Si ulitoa mapema?"

"Nilitoa, afande. Sijaridhika."

Ndoo ilijaa. Kapteni akainama, akachovya kidole, akanusa. "Haya ndiyo maji?"

"Yamechanganyika, afande. Itabidi niendelee kuyatoa."

"Yamechanganyika vibaya mno," Bonge alidakia. "Tangu nizaliwe sijaona maji ya aina hii."

"Nani amekuuliza?"

"Hakuna, afande."

"Na utayamwaga wapi?"

Shemeji alijitoa chini ya lori, akasimama wima, dizeli ikimchuruzika hadi kiwikoni. "Kumwaga ni kuchafua barabara, afande. Nitayahifadhi."

Bonge ananiapia kwamba Kapteni alivua kofia, akaitazama ndani kama aliyesahau kitu humo. Kisha akaivaa na kusema kwa sauti ya kawaida, "Malori yote yatoe maji. Upesi. Na sili isiguswe."

Ndoo za "maji" zilimiminwa katika matangi ya injini. Injini ya dizeli ikikauka huvuta hewa, na kabla ya kuiwasha lazima hewa ile itolewe. Madereva walilegeza skrubu za pampu, wakapampu kwa kidole gumba hadi mapovu yakaisha. Lori la shemeji liliwaka la kwanza. Askari walipanda popote palipo na pa kushika: juu ya matangi, kwenye ngazi, kwenye mabawa ya magurudumu. Gari dogo la Kapteni liliachwa. Yeye alibanwa katikati ya shemeji na Bonge, na Bonge akamwomba radhi kwa upana wake. Walivuka daraja wenyeji wakiwa bado mteremkoni. Risasi chache zilisikika, zikafa hewani.

Nyumbani iliundwa tume ya kuwachunguza kwa kurudi na mzigo. Zile wiki dada alipoteza kilo zake zote za ziada, jambo ambalo baadaye alilihesabu kuwa fidia. Tume ilikagua sili, ikazikuta nzima zote, ikawaachia. Shemeji alitokea mlangoni bila taarifa, akiwa na ndevu.

"Ruksa kuingia?"

"Ingia, mwanaume, utaniua!" Dada alicheka, akalia, akampiga begani kwa upawa, vyote kwa wakati mmoja. Mimi nilisimama pembeni.

Baadaye nilimuuliza jambo lililonisumbua. Yeye wa kuomba ruksa hata ya kukaa, kwa nini hakumbembeleza Kapteni awape ruksa ya kukata sili? Hali ilijieleza yenyewe. Alitabasamu, akasema chai inapoa.

Bonge ndiye aliyenijibu, miaka mingi mbele, tukiwa tumetoka kumzika Kapteni, ambaye walikuwa wakimtembelea hadi mwisho. Amri ya sili haikutoka makao makuu. Aliitunga Kapteni mwenyewe, ilimpandisha cheo, na madereva wote waliokuwa juu ya mwinuko ule walilijua hilo; kuruhusu ikatwe kungekuwa kukiri mbele yao kwamba yeye ndiye aliyewakwamisha.