Jirani Yetu Mturuki

Juzi mjukuu wangu alikaa barazani akisoma kitabu cha shule kwa sauti: Uturuki ni nchi iliyo kati ya Ulaya na Asia. Nilikuwa napepeta mchele. Ungo ukanitoka mikononi. Ndugu yangu, mtu wa kwanza kunieleza habari za nchi hiyo alichukuliwa mbele ya macho yangu.

Wakati huo walitawala Wadachi, yaani Wajerumani, na nyumba yetu pale Morogoro ilipakana na ya mzee mmoja Mturuki. Wadachi walimwajiri huko Misri awe askari wao, wakamwachisha kazi goti lilipoharibika. Akaoa mama wa Kiluguru kutoka Mkuyuni, akawa anaoka mikate ya mviringo iliyopakwa ufuta. Harufu yake ilitukuta asubuhi tukifagia uwanja. Mama akinituma kununua, nilikawia, maana mzee alipenda kusimulia.

"Shikamoo, babu. Eti wewe ni Mzungu?"

"Marahaba. Hata nchi yangu yenyewe haijui," alicheka. "Kwetu kuna mji umekaa pande mbili za bahari. Unakunywa kahawa Asia, unapanda mashua, unauza samaki Ulaya."

Aliniambia kwamba mashariki ya nchi ile kuna milima inayoipita Uluguru kwa urefu, na juu yake huanguka kitu cheupe kama unga, baridi, bila kelele. Katikati ni ngano tupu. Pwani kuna tini, zabibu na zeituni. Wanaishi humo Waturuki, Wakurdi, Wagiriki, Waarmenia, kila watu na lugha yao ya nyumbani.

"Usimsadiki, mwanangu," mkewe alisema huku akipepea moto. "Unga unaanguka bure kutoka mbinguni, halafu yeye aje kuhangaika na mikate huku?"

Tulicheka sote. Lakini Mdachi akipita, mzee aliruka wima na goti lake bovu, akapiga saluti. Sisi watoto tulimwona mwoga.

Kisha vita vya Wadachi na Waingereza vikaja. Tuliitwa kwenye uwanja wa boma. Mjomba wangu, aliyenilea tangu baba afariki, alikuwa amekwisha kuamua kuwa askari, kwa kuwa tuliambiwa Sultani wa Waturuki yuko upande wa Wadachi na vita ni vya dini. Ofisa mmoja wa Kidachi akampandisha mzee juu ya sanduku, awaeleze watu habari za nchi ya Sultani na amri yake ya kupigana.

Alianza vizuri: mji, milima, zabibu. Ofisa akawa anaitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Ni nchi nzuri," mzee akasema. "Kaka zangu wawili walikufa katika vita vya Sultani, naye hakuwajua hata kwa majina. Ninyi hata nchi yenyewe hamjaiona. Rudini mkalime."

Yule mwoga wetu! Ofisa alikijua Kiswahili. Askari wakamwangusha kwa kitako cha bunduki, mkewe akapiga yowe, wakamburuta kuelekea stesheni. Hatukumwona tena.

Mjomba alinigeukia. "Amesema nini yule?" akaniuliza, kama vile hakuwapo.

"Amesema mkalime."

Jua halijazama, mjomba alikuwa ameshika njia ya mlimani. Alijificha huko mpaka vita vilipokwisha. Rafiki zake waliojiandikisha hawakurudi. Baadaye tukasikia kwamba hata Sultani mwenyewe ameondolewa.

Mke wa mzee alirudi kwao Mkuyuni, nyumba ikaanguka, na leo hakuna awezaye kukuonyesha ilipokuwa. Mjomba alizeeka akilima maharage mlimani. Wanawe na wajukuu zake wamejaa bonde zima. Nikiwasimulia habari za Mturuki, wanatazamana, wanadhani uzee umenichanganya. Nami nikiwaona wakicheza hushtuka upya: wote wale wapo kwa sababu ya maneno ya mtu ambaye hatujui hata alikozikwa.