Jina la Kisanduku cha Sebuleni

Mume wangu hutengeneza kompyuta za watu na kuzirudisha zikiwa nzima. Ya kwetu haijawahi kutulia. Ni kisanduku cheusi juu ya kabati la sebuleni, kimehifadhi picha za familia, mishono ya nguo ninazowashonea wateja, na sauti ya marehemu baba mkwe akisimulia safari zake za ujana. Mama mkwe, anayeishi nasi, alikuwa akiisikiliza kwenye simu kila jioni. Haoni vizuri, kwa hiyo nilimfundisha jina moja tu la kuandika kwenye simu ili kisanduku kifunguke, herufi kwa herufi, mpaka kidole kikazoea.

Kisha mwenzangu akaanza kuhangaika. Jina la kwanza liliishia kwa neno ambalo vifaa vya nyumbani hutumia kutafutana vyenyewe, vikawa vinachanganyikiwa na printa haionekani kwenye kompyuta. Akalitupa. La pili alilibuni mwenyewe, akajisifu wee, kumbe kuna mtu mbali huko amelinunua kwa ajili ya tovuti yake. Siku moja nikiwa kwa mteja nikataka kumwonyesha mishono, nikaandika jina la kwetu, likafunguka duka la viatu.

"Jina lazima liwe letu kweli," akasema, akizunguka nyumba nzima na kompyuta mkononi kama mtu aliyepoteza funguo.

"Si tayari lipo? Liache basi!"

"Hilo linatutoa nje ya nyumba, linatupeleka kwenye tovuti ya mtu mwingine, mke wangu. Huelewi tu."

Kweli sikuelewa, na nilishachoka kueleweshwa. Kila akibadilisha, nilianza upya na mama. Safari moja nikampandishia sauti mume wangu, na mama akatusihi tusigombane kwa ajili yake.

Hatimaye akapata mwisho wa jina uliotengwa kwa mitandao ya majumbani, usiouzwa kwa mtu yeyote. Jina fupi, safi. Printa ikatulia. Akatoka chumbani anacheka peke yake, moja kwa moja hadi kitandani kwa mama yake.

"Mama, lete simu. Hili ndilo la mwisho, halibadiliki tena."

Simu ilikuwa imezimwa. Mama hakuinua mkono.

"Acha, mwanangu. Zile siku lilipokuwa halifunguki nililia sana. Sasa nimezoea kulala bila kumsikia baba yako. Usinirudishe kulekule."

Mume wangu akaichukua ile simu, akaiweka kando ya mto bila kuiwasha. Mimi nikarudi kwenye cherehani, nikashindwa hata kutunga uzi kwenye sindano.