Mbeta ya Nyaya Tano

Martina wa Mgeta alikuwa amekataa, na Martina akikataa hata mvua ya masika hungoja. Matanga ya kaka yake Kasiani hayaanuliwi, alisema, mpaka mbeta ipigwe uwanjani. Matanga yasipoanuliwa, jina la marehemu halirithiwi; linabaki juu juu kama moshi wa nyumba isiyo na tundu.

Shida ilikuwa watu. Mbeta ni filimbi za mianzi, kila filimbi ina sauti moja, na kila sauti ina mwenyewe. Hupigi ya mwenzio aliye hai. Ukipiga umemwibia pumzi. Wapigaji walikuwa sita. Wanne walitangulia, Kasiani akawafuata. Alibaki mzee Ezekiel, na hakuna kijana aliyejifunza filimbi za waliokufa; filimbi moja si mbeta, ni mtu anaita mbuzi.

Ndipo akapanda mlima Agustino, mtoto wa mdogo wake Martina. Alipiga gitaa bendi ya kiwanda kule Morogoro mjini. Mambo yalipokuwa ruksa na biashara huria, kiwanda kikauzwa, bendi ikatawanyika, naye akabaki na gitaa lake na kisanduku cha mwangwi alichonunua mtumba Msamvu.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba. Umebeba betri ya gari, gari lenyewe limekushinda?"

"Ni ya gitaa, mama. Nimekuja kumpigia mjomba mbeta."

"Gitaa ni la baa. Kasiani hakufia baa."

Agustino alililaza gitaa juu ya meza, akabana kipande cha godoro chini ya nyaya, akapenyeza spoki ya baiskeli katikati ya nyaya. Kila waya akaukaza mpaka ukafika kwenye sauti ya mzee mmoja aliyemkumbuka, akaufungia uzi wa manila uliopakwa utomvu wa msonobari. Kisha akaunganisha betri, kisanduku, na redio kaseti kubwa iwe spika.

Mtani wa ukoo akadakia, "Marehemu alikuwa mpiga filimbi, jamani, huyu anasuka kikapu."

Watu wakacheka. Martina alikuwa anatazama nyaya.

"Gitaa huwa na nyaya sita. Mmoja uko wapi?"

"Nimeutoa, mama. Ule ni wa mzee Ezekiel, na yeye yupo."

Martina akavuta kigoda, akakaa bila kukaribishwa.

Agustino alivuta uzi wa kwanza polepole, kama mtu anayekamua. Ikatoka pumzi. Si mlio wa waya; pumzi hasa, ile inayotangulia sauti mdomo unapogusa mwanzi. Akavuta wa pili, wa tatu. Kisanduku kikaichukua kila sauti, kikairudisha, ikashuka mpaka kwenye matuta ya kabichi, na mlima nao ukaitika. Wanaume watano walikuwa wanapuliza pale, na hapakuwa na mdomo. Wanawake waliokuwa wakimenya viazi waliacha visu hewani. Mtani akavua kofia.

Lakini kila mzunguko ulikuwa na pengo. Sauti zilifika hapo, zikanyamaza, zikasubiri. Ezekiel akatia mkono ndani ya koti, akatoa filimbi yake, akaipangusa. Mara ya kwanza alichelewa, waya mnene ukampita. Mara ya pili akaingia, na mbeta ikatimia.

"Ule mnene ni Kasiani," Martina alisema, machozi yakimshuka bila idhini yake. "Ndivyo alivyo, hamsubiri mtu. Anueni matanga."

Akashika fimbo, akaingia uwanjani kucheza, na hakuna aliyethubutu kumshika mkono.