Niliongeza oili kwa roho safi kwenye kompresa ya wapiga mbizi, nusura niwaue

Wakuu, habari za huko mliko. Miaka yote nimekuwa mtu wa kusoma visa vyenu kimya kimya na kucheka. Leo natoa changu. Sijatia chumvi, na pale nilipofanya upuzi nitasema ni upuzi.

Mimi ni fundi wa friji na cold room. Karakana yangu iko Dagoretti, Nairobi, karibu na vichinjio, na wateja wangu wengi ni watu wa nyama. Bahari nilikuwa naiona tu kwa picha za watu waliokwenda honeymoon.

Sasa kuna jamaa anaitwa Mutua, ana ofisi pale CBD, katikati ya jiji. Alinunua meli kuukuu ya uvuvi Mombasa, si kubwa sana lakini ni chuma tupu. Alitaka kuigeuza iwe ya kukodishwa na watafiti wa matumbawe na wapiga mbizi.

Mimi alinitafuta kwa sababu ya stoo ya chini, kule samaki walikokuwa wakilazwa kwenye barafu. Nusu iwe chumba baridi cha sampuli za watafiti. Nusu nyingine iwe ya kompresa ya kujaza mitungi ya hewa, ile wapiga mbizi hubeba mgongoni.

Nilikaa huko wiki mbili.

Harufu, wakuu. Samaki walikuwa wameingia hadi ndani ya kuta. Tulibandua mbao, tukatoa foam iliyooza, tukapiga chuma msasa, tukapaka rangi mara mbili, na jua likiwaka bado ungedhani kuna mmoja amebaki mahali. Mimi wa vichinjio nilidhani pua yangu imeshaona yote.

Juu, winchi ya nyavu iling'olewa. Mahali pake pakawekwa rafu za mitungi na ngazi ya kushukia majini.

Msimamizi wa wapiga mbizi alikuwa dada wa huko huko Pwani, Mwanaidi. Mpole, lakini kwa kazi hana mzaha. Kila boliti niliyokaza alikuja akaitikisa kwa mkono wake. Nikisema iko sawa, anasema, "Naam fundi, nami naitazama tu." Iliniudhi sana. Mtu mzima na spana zangu, nafuatwa nyuma kama mwanafunzi.

Kompresa yenyewe ilikuwa second hand. Mota ilikuwa imekufa na stendi imeliwa na kutu, nikaja nayo Nairobi niishughulikie karakana. Niliifanya vizuri, hiyo sijutii. Ikaunguruma safi.

Hapa ndipo upuzi unapoanzia.

Mjomba aliyenifunza kazi hakuwahi kurudisha mashine ya mteja bila kuiongezea oili kidogo, bure, hata kama hukumwomba. Ilikuwa heshima yake kwa mteja. Nimeifuata desturi hiyo tangu nianze kazi, na watu wa nyama wananipendea hapo. Basi nikachungulia kioo cha kompresa, nikaona oili imeshuka kidogo. Nikachukua galoni ya oili ya injini iliyokuwa karibu, nikajaza hadi kwenye alama. Sikumwambia mtu, kwa sababu si kitu cha kumwambia mtu. Nikaipakia kwenye basi la mizigo, ikaenda.

Wiki iliyofuata, Jumamosi asubuhi, nilikuwa River Road kununua gesi ya friji kwa Mama Shiro. Huyu mama ameuza vitu vya mafundi kabla sijaota ndevu. Nikaanza kujigamba kwamba saa hiyo watu wako baharini na mashine yangu, safari ya kwanza kabisa.

Akaniuliza, "Na uliiwekea oil gani?"

"Nilitop up tu na ya injini."

Akaacha kufunga karatasi. "Fundi, hiyo hewa si inaingia kwa mapafu ya mtu?"

"Si kuna filta, mathe."

"Filta haikutengenezewa hiyo kazi. Hizo mashine ziko na oil yao, hata mimi sistock. Hii ya injini ikishika moto inatoa moshi ndani ya hewa. Mtu akiwa huku juu ataumwa na kichwa. Akiwa huko chini ya maji atalala tu, na hataamka."

Kichwani niliwaona watu wanne wa utafiti na Mwanaidi wakishuka ile ngazi niliyoifunga mwenyewe.

Nikapiga simu ya Mutua, haipatikani. Ya Mwanaidi, haipatikani. Nikarudia hadi nikakosa hesabu, nikiwa nimesimama kando ya barabara, mikokoteni inanipiga kelele nitoke njiani.

Nikaamua kuandika meseji. Na wakuu, nitawaambia ukweli wote, hata ule wa aibu. Meseji ya kwanza niliandika hivi: "Kabla ya kutumia mashine hebu check oil." Yaani nilitaka waokoke bila mimi kuonekana.

Mama Shiro alikuwa amesimama nyuma yangu anasoma. Akasema, "Hiyo itamsaidia nani? Andika kile ulifanya."

Nikafuta. Nikaandika: "Msivute ile hewa. Niliongeza oili ya injini kwenye kompresa. Kosa ni langu." Nikaituma kwa wote wawili.

Mama akanipa stuli na soda. Nilikaa hapo karibu saa nzima. Sijawahi kuomba Mungu dukani, lakini siku hiyo niliomba kati ya madebe ya gundi.

Simu ikalia. Mwanaidi.

"Fundi, nimeuona ujumbe wako. Hakuna aliyeshuka majini. Tulia."

Nikalia, wakuu. Mchana kweupe, River Road. Mama Shiro akaniambia nilie nikisonga kando kidogo, nimeziba mlango wa wateja.

Ilikuwa hivi. Wameshatia nanga kwenye mwamba, watafiti wamevaa tayari. Mwanaidi akajaza mtungi wa kwanza, akafungua hewa kidogo, akanusa, kama anavyofanya kila mara. Ikanuka gereji. Akakataa mtu yeyote kushuka. Mutua naye akashikilia kwamba ni rangi mpya ya stoo na samaki wa zamani, harufu ya kawaida ya chumba. Akataka filta ibadilishwe, wajaze tena, watu waingie majini.

"Bosi alikuwa karibu anishinde," Mwanaidi aliniambia. "Mimi nina pua tu, sina ushahidi. Nikapanda juu kutafuta mtandao nimpigie mtu mwingine kuomba ushauri, ndipo ujumbe wako ukaingia. Nikamwekea simu mkononi, akasoma, akakaa chini."

Safari ikavunjwa. Mashine ikarudi Dagoretti, nikaifungua yote, nikaiosha kipande kwa kipande, ikatiwa oili yake halisi na filta mpya. Hewa ikapelekwa kupimwa na watu wa kazi hiyo, ikapita.

Mwanaidi alitoa sharti moja tu: mtungi wa kwanza nivute mimi.

Nikashuka Mombasa. Sikuingia majini, sijui kuogelea. Nilikaa kwenye benchi juu ya meli, Mutua ananitazama, mabaharia wote wamesimama, nikaweka ule mpira wa kuvutia hewa mdomoni. Kabla sijavuta, Mwanaidi akaunusa mtungi kwanza. Kisha akanipa ishara.

Nikavuta. Haikuwa na harufu yoyote. Sijawahi kufurahia kitu kisicho na harufu namna hiyo.

Nilichojifunza ni kwamba nikiongeza kitu kwenye mashine ya mtu, namwambia, hata kama ni tone na ni bure. Siku hizi kila mashine inatoka karakana na karatasi imebandikwa, nimeandika nilichotia ndani. Na yeyote anayetaka kuja kutikisa boliti zangu, aje, nitamshikia tochi.

Mafundi, madaktari, wapishi, nyote mlio humu: ni wema gani uliwahi kumfanyia mteja bila kumwambia, ukakaribia kumzika? Tiririkeni, nasoma zote.