Paa la Pemba, Karafuu za Sulawesi

Nakiri kuwa nina wivu, na wivu wangu mkubwa ni wa karafuu. Mtu akinisifia mume wangu, nacheka. Akizisifia karafuu za kwengine mbele yangu, damu inanipanda. Ndiyo maana siku ile, kwenye chumba cha mapumziko cha nyumba ya kutunzia wazee ninakofanya kazi huko Stanmore, London, mwenzangu alipofungua kikopo chake akatia karafuu mbili kwenye chai, nilinyoosha mkono bila kuomba. Nikachukua moja, nikaibana kwa ukucha kutazama kama itatoa mafuta, kama nilivyozoea utotoni Pemba. Ikatoa. Nikachukia.

Mwenzangu huyo ni mama wa Kiindonesia, ananizidi miaka kadhaa, na kazini sote tunamwita Ibu, neno ambalo kwao hutumika kumwita mwanamke kwa heshima, kama sisi tunavyosema Bi. Akaniuliza utaalamu huo nimeupata wapi. Nikamwambia mimi mtu wa Pemba, nyumbani kwa karafuu. Ibu akacheka mpaka akaweka kikombe chini, akasema nyumbani kwa karafuu ni kwao, sisi tulipelekewa miche tu. Tulibishana mpaka meneja akaja kuuliza nani amebaki na bibi wa chumba namba nne. Tokea hapo tukawa marafiki.

Kijiji chao kiko mlimani, kwenye kisiwa cha Sulawesi. Alinionyesha kwa simu, kidogo kidogo, kila tulipopata dakika kumi za chai. Nyumba hazifiki mia. Kuna msikiti mmoja, duka moja linalouza chumvi, ndala na vocha, na barabara ya lami iliyofika juzi tu, ambayo upande mmoja wake watu wameugeuza uwanja wa kuanikia karafuu. Gari ikija, dereva hupita upande wa pili polepole. Nilivipenda hivyo vitu bila kumwambia.

Kisha ukaja mpango. Kaka yake Ibu alikuwa anatafuta wabia. Alishakuwa na mtambo mdogo wa kupikia majani makavu ya mikarafuu, yale yanayoanguka chini, kupata mafuta. Alitaka kuongeza mtambo wa pili mkubwa, na nyuma ya nyumba ajenge vyumba viwili vya wageni, maana lami imefika, na mnara wa simu umefika, na Wazungu wenye mabegi mgongoni wameanza kuonekana. Ardhi sisi wageni tusingeweza kumiliki, sheria yao hairuhusu. Tungeingia kwa mkataba na kaka mtu.

Sasa niseme habari ya paa. Mimi na mume wangu tuna nyumba Pemba, au niseme tuna kuta. Yeye anaendesha basi hapa London, na siku za mechi huvaa koti la njano akaelekeze watu uwanjani Wembley, karibu na kwetu. Kwa kazi hizo na zangu tumepandisha kuta mpaka juu, zikakoma hapo. Sebuleni mumeota mpapai. Mama yangu, anayekaa nyumba ya zamani hapo jirani, kila nikimpigia hunipa habari za mpapai huo kama habari za mjukuu. Pesa za mbao na mabati safari hii zilikuwa tayari, na tulishamuahidi kuwa atahamia yeye kwanza, kwa sababu nyumba yake inavuja.

Mume wangu alipousikia mpango wa Ibu, macho yalimng'aa.

"Mabati hayazai," akaniambia. "Mtambo unazaa."

"Na mama?"

"Mama atangoja msimu mmoja tu. Mwakani tunaezeka kwa faida."

Alinikasirisha. Kilichonikasirisha zaidi ni kuwa na mimi nilitamani. Kwetu kila kitu kilikuwa cha kungoja, fundi hapokei simu, mbao zimepanda bei, mwezi ujao, inshallah. Kule kwa Ibu mambo yalikuwa yanakwenda. Nilianza kuwaza nikifika kama mwenye mali, nakaribishwa kahawa, naambiwa mtambo wako ule pale. Nikajiona mwembamba kidogo pia, sijui kwa nini.

Tukakubaliana kumpigia kaka mtu kwa video Jumamosi, halafu tuamue. Ibu akaja kwetu asubuhi na mapema kutoka Walthamstow na mfuko wa mihogo ya sokoni kwao. Nikaichemsha kwa nazi. Binti yetu, ambaye Kiswahili anakielewa chote na hakijibu hata kimoja, akaiunganisha simu na televisheni. London ilikuwa saa mbili asubuhi, kule alasiri, jua limewaka vizuri, na upande mzima wa barabara umetandazwa karafuu juu ya maturubali.

Kaka mtu alikuwa mcheshi. Alitutembeza na simu mkononi, hapa vyumba vitakaa, hapa bomba la maji. Mume wangu alikuwa ameandika maswali kwenye bahasha, lakini alipoziona zile karafuu aliiweka bahasha chini. Ndipo nyuma ya kilima, juu ya mapaa ya watu, nikaliona wingu zito la kijivu linapanda.

Mtu asiyekulia Pemba hawezi kujua wingu linamfanya nini mtoto wa karafuu. Kwetu likitokea, hakuna cha chakula wala usingizi, kila mwenye miguu anakimbilia majamvini, maana karafuu ikirowa imeharibika. Sikufikiri. Niliruka kwenye kochi.

"Mvua! Anueni! Anueni upesi!"

Mume wangu naye alikuwa kashasimama, anapunga mikono mbele ya televisheni. "Kusanyeni kwa pembe za turubali! Jamani, mbona mmesimama?"

Mtaa mzima wa Wembley nadhani ulitusikia. Kule kijijini watu waligeuka kuitazama simu inayopiga kelele.

"Mum, it's smoke," binti yetu akasema bila kuinua kichwa. "It's literally smoke."

Ulikuwa moshi wa ule mtambo wa kupikia majani. Kaka mtu alicheka mpaka picha ikatikisika. Ibu akamtafsiria mama yao, bibi kizee aliyekaa ukumbini mwa nyumba, na yeye akatutazama sana kwenye simu, bila kucheka.

Mume wangu, kuficha haya, akaomba kaka mtu achukue karafuu moja aivunje karibu na simu. Hiyo ndiyo njia yetu ya kujua kama imekauka, unaivunja ukaisikiliza. Kaka mtu akaivunja. Tak. Mume wangu alikuwa amefumba macho. Alipoyafumbua alinitazama, nikajua kuwa paa limekwenda Sulawesi.

"Majani mengi hivyo anakusanya nani?" nikauliza, ili nisiseme ndiyo upesi.

Kaka mtu akazungusha simu. Walikuwa watu wazima watupu, wanawake wa makamo na wazee. Vijana, akasema, wako mjini, na wengine melini. Simu ikarudi kwa bibi. Alikuwa anachambua karafuu mbichi, anashika kishada, anakisugua kwenye kiganja, karafuu zinaangukia huku na makonyo, vile vijiti vyake, kule. Mikono ilikuwa ya mama yangu hasa. Nikajifanya nakunywa chai.

Bibi akauliza kitu. Ibu akatafsiri.

"Anauliza kama kwenu mna mikarafuu."

"Ipo."

"Anauliza anachuma nani."

"Ndugu," nikajibu haraka. "Ndugu wapo wengi."

Bibi akasema tena, maneno marefu, safari hii akimtazama Ibu. Ibu hakutafsiri. Aliinuka akachukua sahani za mihogo akaenda nazo jikoni, akafungua maji, akaosha hata zile safi. Kaka mtu akaaga, akasema anangoja jibu letu.

Nilimsindikiza Ibu mpaka kituo cha basi. Tulikaa pale kibandani, basi mbili zikapita hakupanda.

"Alikwambia nini mama?" nikamuuliza.

"Alisema wageni wa London wameruka kuziokoa karafuu zake. Mimi mwanawe nilikuwa nimekaa nakula muhogo." Akafuta miwani. "Nilijua ni moshi, lakini sikumwambia. Angeniambia moshi naukumbuka, yeye nimemsahau. Miaka sita sijaenda."

Nikamshika mkono mpaka basi ya tatu ikaja.

Jumatatu Ibu aliomba likizo. Meneja alilalamika, akampa. Huku nyumbani mume wangu alikuwa bado na mtambo wake. Alikuwa ameshauchora nyuma ya ile bahasha, na mimi, Mungu anisamehe, nilimrekebishia bomba.

Jioni nikampigia mama, na mume wangu kando yangu akiichezea kalamu. Niliweka sauti ya nje ili naye amuamkie.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Hamjambo huko? Mpapai umezaa. Njooni mle papai la sebuleni."

Tukacheka. Kisha nikamwambia, kwa kutania tu, "Mama, hebu vunja karafuu moja hapo kwenye simu niisikie. Ya mwaka huu."

"Karafuu gani, mwanangu? Zimekuwa mpeta, zimeiva zikapitiliza huko huko juu mtini, hazifai tena. Wachumaji hawapatikani, na miye siku hizi mti siupandi. Sikutaka kukutia huzuni, wewe na kazi zako."

Mume wangu aliacha kuichezea kalamu. Nilikuwa nimemwambia mama wa mtu kuwa ndugu wapo wengi.

"Haya, ngojeni kidogo," mama akasema. "Mvua hiyo."

Akaiweka simu mahali, pengine kitandani. Tulimsikia anakokota ndala, anavuta kitu kizito, anaguna. Tulisikia masufuria yanagongana. Kisha hatua zikaenda chumba cha pili, na simu ikabaki peke yake na sisi tukaisikiliza. Tak. Tak. Tak. Sufuria ya kwanza, halafu ya pili kwa mlio mwembamba zaidi, halafu ya tatu, hata sikujua kuwa zimefika tatu.

Mume wangu safari hii hakufumba macho. Alisikiliza mpaka mama akarudi, akatuuliza kama bado tupo.

"Tupo, mama," mume wangu akasema. Akaigeuza ile bahasha upande usio na mchoro. "Nipe namba ya fundi."