Utani wa Kaburini

Mpaka leo kuna watu wa hapa Isevya, Tabora mjini, wanaokuja kunitembelea na kuniuliza, kwa ile sauti ya kunihurumia, kama ni kweli dada yangu alirogwa ndipo akawafuata wale watu wa shuka za marekani. Nawapa chai, nawajibu hapana, na wakiondoka nabaki na hasira zangu. Hakurogwa. Alifiwa na mtoto, mumewe hakuwepo, na mtu mmoja mwenye maneno matamu akamwona.

Tulikuwa tukikaa kijijini Puge, enzi za Mwingereza. Shemeji alikuwa amekwenda Tanga kukata mkonge, kama walivyofanya wanaume wengi wa kwetu, akamwacha dada na mimba changa. Dada akarudi nyumbani kujifungua, akazaa mtoto wa kiume. Bibi, mama yake baba, alimpokea kitukuu huyo na tangu siku ile hakumwita kwa jina. Alimwita mume wangu. Kwetu bibi na wajukuu ni watani, na mtani hakasirikiwi, aseme atakalo. Kila asubuhi alimfokea dada kwamba anamkondesha mumewe kwa kumnyima maziwa, na dada akimjibu kuwa mume na mke wote hawana meno, basi wamefaana. Nyumba nzima tulikuwa tukicheka.

Mtoto akafa kwa homa, hata kutambaa hajaanza. Wanawake walipokuwa wakimzika nyuma ya nyumba, bibi alifanya kile afanyacho mtani msibani. Alikaa ukingoni mwa kaburi, akatumbukiza miguu ndani, akatangaza kwamba huyu ni mume wake na hazikwi mtu mpaka yeye apewe kuku wa kumfuta machozi. Wanawake walicheka huku wakilia. Kuku akaletwa, bibi akatoa miguu. Hivyo ndivyo tunavyosaidiana kuubeba msiba, na dada alilijua hilo tangu utotoni. Naye alicheka. Nilimwona kwa macho yangu mawili.

Yule mtu alikuja mwanzoni mwa kiangazi. Alikuwa katekista zamani, akafukuzwa, na kila mtu alitaja sababu tofauti. Alipiga kambi kwenye njia ya zamani ya wapagazi, pale misafara ilipokuwa ikilala, kwa kuwa palikuwa na kisima kizuri na hapakuwa na mwenyewe. Wafuasi wake walivaa shuka nyeupe za kitambaa cha marekani, zisizopindwa ukingo, ndipo wakaitwa watu wa marekani. Aliwafundisha kwamba kila mtoto anayekufa kuna mtu aliyemuua, na kwamba uovu umekaa mwilini na hautoki ila kwa fimbo. Ukipigwa ukaungama, ukamtaja aliyekudhuru, umetakasika, na mtoto wako wa pili hatakufa.

Mwambie hivyo binti wa miaka kumi na tisa ambaye maziwa bado yanamlowesha kifua, halafu uje hapa uniambie habari za kurogwa.

Dada alianza kwenda Jumamosi tu. Kisha akawa anarudi Jumatatu. Kisha hakurudi. Baba alisema aachwe, atachoka mwenyewe. Mama alisali rozari. Mwanangwa, mkuu wa kijiji chetu, alisema watu wanaomwomba Mungu hawajamkosea yeye kitu. Watu wazima watatu, wenye miguu mizima, na mimi wa miaka kumi na mitatu ndiye niliyetumwa kumpelekea unga.

Mara ya kwanza nilimkuta akiimba na wenzake, akanikumbatia. Mara ya pili alikuwa amelala kifudifudi, na shuka imegandamana na mgongo. Aliniambia ameteleza kisimani. Nilirudi nyumbani nikasema hajambo. Kosa hilo ni langu na simsingizii mtu.

Siku chache baadaye, jua likiwa limeshapanda, walikuja watu kama kumi, dada mbele akiwaonyesha njia. Bibi alikuwa uani akitwanga. Alipomwona mjukuu wake alitua mchi, akamwita mke mwenza, akamuuliza anarudi kwa mume gani tena. Dada ndiye aliyepiga fimbo ya kwanza. Alikuwa akirudia kwa sauti, kama mtoto anayesoma darasani, kwamba huyu alimdai mtoto kaburini mbele ya watu wote. Wengine wakafuata. Yule mtu alisimama mlangoni na kitabu chake, hakuinua hata kidole. Mama na mimi tulipiga yowe mpaka wanaume wakaja mbio kutoka mashambani, wakawakamata. Bibi alikuwa amevunjika mkono, na jicho moja limevimba likafumba. Halikuona tena. Tulimpeleka hospitali ya Kitete kwa lori la karanga.

Kesi ilisikilizwa kwenye baraza la mtemi, na Bwana Shauri, yule mzungu wa boma, alikuja na mkalimani wake. Wazee wa baraza walieleza kwamba aliyetuma na waliopiga wamo katika kesi moja, na wakifungwa watafungwa wote, wakiachiwa wataachiwa wote. Mimi nilifurahi nilipomwangalia yule mwenye kitabu. Kisha nikamwangalia dada, amechuchumaa na shuka yake chafu, na furaha ikaniisha. Bibi naye alikuwa akimwangalia yeye tu.

Bibi alipoitwa alisimama na mkono wake uliofungwa mbao.

"Huyu ni mjukuu wangu," alisema. "Tuna utani. Nilimchezea kaburini, naye amekuja kunichezea uani. Mtani hashtakiwi."

Hakuna mtu pale ambaye hakujua kuwa ule ni uongo. Utani gani unaopofusha jicho? Wazee walitazama chini. Kisha mmoja akacheka, cheko la mtu aliyetuliwa mzigo, na baraza zima likacheka. Mkalimani akaeleza. Bwana Shauri, ambaye alizipenda sana mila zetu, aliomba arudiwe polepole, akaandika katika daftari lake. Alipomaliza kuandika hapakuwa na kesi tena. Nilifungua mdomo, mama akanifinya paja. Msichana hasemi barazani.

Yule mtu alipita mbele yetu akitoka, akampa bibi shikamoo. Bibi hakuitikia. Wiki ile ile aliwachukua watu wake wakaifuata njia ya wapagazi kuelekea magharibi. Dada hakwenda nao.

Sikusema naye mpaka kiangazi kilipokaribia kwisha. Siku moja tukimenya karanga za mbegu nilishindwa kujizuia, nikamuuliza kwa nini alimtaja bibi, ilhali alijua kuwa ule ulikuwa utani.

"Walinipiga siku tatu nimtaje mtu," alisema. "Nilimtaja yeye kwa sababu ndiye pekee asiyeweza kunikasirikia."

Ningepaswa kumhurumia. Niliona uchungu tu, kwa kuwa alisema kweli.

Mvua za kwanza zikamleta kwetu mfanyabiashara Mwarabu wa Tabora mjini, rafiki yake baba, aliyekuwa akinunua nta vijijini. Alisema huko magharibi watu wa marekani wamempiga mwanamke mzee aliyetajwa na mke wa mwanawe, na amefia hapo hapo nyumbani kwake. Sasa ndipo serikali ilipomkamata yule mtu. Dada aliinuka akaenda nje.

Nilimgeukia bibi mbele ya mgeni, bila adabu, nikamuuliza kama amesikia.

"Nimesikia," alisema. "Nilikuwa na mjukuu mmoja mikononi mwa baraza. Ningekuwa na wawili, ningedanganya mara mbili."

Baba aliniamuru nimletee mgeni maji. Nilikwenda nikayaleta, nikapiga magoti, nikampa. Hakuna aliyeuliza yule mwanamke aliyeuawa aliitwa nani, na mgeni naye hakujua. Siku ile baraza lilipocheka, mwanamke huyo alikuwa bado hai.