Kadi ya Grafiki Niliyoichagua Baada ya Volkano

Nilikuwa nikihariri video za harusi katika chumba kimoja cha mtaa wa Majengo. Volkano ilipolipuka tulikimbilia mji wa Sake, kompyuta nikiwa nimeifunga ndani ya blanketi. Tuliporudi, nyumba yetu ilikuwa bado imesimama, lakini vumbi jeusi lilikuwa limeingia kila mahali. Nikawasha mashini. Ilinguruma, kioo kikabaki cheusi. Kadi ya grafiki, ile inayoleta picha kwenye kioo, ilikuwa imekufa. Sikukasirika hata. Nilichoka tu.

Kesho yake akaja mama mmoja. Nyumba yake ya Munigi ilikuwa chini ya lava. Sasa alilala kwa dada yake, mtaa wa Murara.

"Papa, harusi ya binti yangu bado unayo? Muzee wangu, baba yake, alicheza pale. Amekufa, na picha zote zimeungua."

"Iko, mama. Nipe siku kidogo."

Nikabeba mashini hadi duka moja la mjini. Muuzaji akanionyesha kadi kubwa, mpya.

"Kamata hii, papa. Iko na nguvu."

Nikakataa. Kompyuta yangu ilitumia mfumo huria, ambao mtu yeyote anaweza kuusoma na kuurekebisha. Kadi yangu ya zamani, kama hii mpya, ilitaka programu iliyofichwa na kiwanda chake. Kila mara mfumo ulipobadilika, ilibidi niipakue upya kutoka intaneti. Na kabla ya volkano, waasi walipokaribia mji wetu, intaneti ilikatwa. Nilishakaa mbele ya kioo cheusi nikingoja watu wenye bunduki wasikilizane. Sikutaka tena. Nikaomba kadi ambayo programu yake, huria nayo, imo tayari ndani ya mfumo.

"Iko hii, lakini imeshatumika. Nguvu haina."

"Hata mimi sina," nikamwambia. Akacheka, tukaifunga ndani ya mashini, picha ikatokea.

Mama akarudi. Nikafungua video ya harusi. Mume wake akaonekana, kitambaa mkononi, akizunguka polepole katikati ya wageni. Mama hakulia.

"Rudisha kidogo," akasema. Nikarudisha. "Siku ile goti lilimuuma. Mimi aliniambia eti limepona."

Tulimtazama akicheza mpaka umeme ukakatika.

Baadaye waasi waliingia mjini. Intaneti ikapotea, umeme pia. Umeme uliporudi, niliwasha mashini na picha ikaja mara moja, bila kungoja kitu chochote kutoka nje. Nilipaswa kufurahi. Nilikaa tu nikiutazama ule mwanga. Wakati ule hakuna aliyekuwa akioa.